Zaburi Zilizopunguzwa: Uimbaji wa Ibada katika Mwambao wa Lituhi

Wito wa kurudi kwenye nyimbo za asili katika ibada unasikika siku hizi katika karibu kila dhehebu. Wazee wamechoshwa na vinanda vya umeme na vipaza sauti; vijana wanajibu kwamba kanisa si jumba la makumbusho. Ugomvi huu ni halali, ila pande zote mbili zimekubaliana bila kuchunguza juu ya neno moja, nalo ni hilo "asili". Nyimbo ambazo mzee wa Lituhi huziita za asili, kwa sehemu kubwa zilizaliwa Ujerumani na Uingereza, zikavalishwa maneno ya Kiswahili au ya Kinyanja, zikaimbwa mwambaoni kwa vizazi hata zikawa zetu kwa haki ya ukaazi. Sina shida na hilo. Mahindi na muhogo navyo vilitoka Amerika, wala hakuna anayeviita vyakula vya kigeni.

Ninalotaka kulichunguza ni jingine. Pamoja na nyimbo hizo kililetwa kitu cha kale kuliko zote, yaani zaburi. Zaburi ziliwafaa watu wa mwambao kwa lugha yao na kwa hali yao kuliko wimbo wowote wa Ulaya. Hata hivyo nyimbo zilistawi, na zaburi zikapunguzwa kidogo kidogo. Kilichopunguzwa zaidi ndani ya zaburi ni lalamiko. Hoja yangu ni kwamba upungufu huo una historia inayoweza kufuatiliwa, na kwamba haukubaki ndani ya kuta za kanisa.

Lituhi iko kusini ya mahali mto Ruhuhu unapoingia ziwani. Mto huo leo huitenga Ruvuma na Njombe. Hadi mwaka 2012 eneo hili lilikuwa chini ya wilaya ya Mbinga. Sasa liko chini ya wilaya ya Nyasa. Ng'ambo ya mto ni Manda, ambayo Wajerumani waliiita Wiedhafen. Kusini zaidi ni Liuli, waliyoiita Sphinxhafen. Nyuma ya mwambao inapanda milima ya Wamatengo, na mashariki ya milima ni Ungoni. Mbele ni maji, na ng'ambo ya maji ni Malawi. Mazingira haya ndiyo yanayomfaa mwanahistoria, kwa sababu katika muda wa miaka ishirini na mitano hivi misioni tatu zilifika katika ukanda huu kwa njia tatu: Waanglikana kwa meli kutoka kusini, Wabenediktini kwa miguu kutoka mashariki, na Waskoti katika ufuko wa magharibi. Kila moja ilikuwa na msimamo wake juu ya jambo moja lililoonekana dogo: nini kiwekwe kinywani mwa mwamini aimbe.

Waanglikana wa misioni ya vyuo vikuu, ambayo ilizaliwa kutokana na hotuba ya David Livingstone huko Cambridge mwaka 1857, waliweka makao yao katika kisiwa cha Likoma mwaka 1885. Mtu wao wa mwambao alikuwa William Percival Johnson, aliyefika Afrika Mashariki mwaka 1876 na kufia Liuli mwaka 1928. Nusu karne hiyo aliitumia kwa kutembea kijiji hata kijiji, macho yake yakiwa mabovu, na kwa kuitafsiri Biblia katika Kinyanja cha watu wa ziwa. Tangu mwaka 1901 misioni ilikuwa pia na meli Chauncy Maples, iliyobeba walimu na wagonjwa katika safari zake. Lakini chombo kilichowagusa watu wengi zaidi kuliko meli kilikuwa Kitabu cha Sala.

Inafaa kueleza jinsi kitabu hicho kinavyofanya kazi, maana hapa ndipo penye siri. Kitabu cha Sala cha Kianglikana kimezigawa zaburi zote 150 katika siku 30 za mwezi, fungu moja la asubuhi na fungu moja la jioni. Mwezi ukiisha, unaanza upya. Hakuna anayechagua. Mwalimu wa kijiji hatazami hali ya hewa wala sura ya mtawala; anatazama tarehe. Asubuhi ya tarehe 17 inaangukia Zaburi 88, ambayo inaanza kwa kilio na kuishia gizani bila faraja yoyote. Jioni ya tarehe 22 inaangukia Zaburi 109, ambamo mtu aliyeonewa anamtakia mabaya mwonezi wake, na watoto wa mwonezi pia. Jioni ya tarehe 28 ni Zaburi 137, ya mateka waliotakiwa na waliowateka wawaimbie nyimbo za kwao. Mpango huu ulimwekea mwamini kinywani maneno ambayo hakuna mmisionari ambaye angeyachagua kwa hiari ili kumfundisha mtu aliyebatizwa juzi.

Na watu waliowekewa maneno hayo walikuwa nani? Mwambao wa mashariki wa Nyasa ulikuwa mlango wa biashara ya watumwa. Majahazi yalivusha mateka kutoka upande wa magharibi, hasa kutoka Nkhotakota ya akina Jumbe, kisha misafara ikachukua njia ya Kilwa. Baadhi ya walimu na mapadri wa kwanza wa misioni hiyo walikuwa wenyewe watu waliokombolewa utumwani na kusomeshwa Zanzibar. Padri Augustine Ambali, aliyetumikia ziwani miaka mingi na kuacha kumbukumbu zilizochapishwa, alikuwa mmoja wao. Mtu wa namna hiyo akisimama jioni ya tarehe 28 na kusoma habari za watu walioketi kando ya mito ya ugenini, hahitaji ufafanuzi wa mwalimu wa chuo. Naiona jioni ile, iliyorudi kila mwezi, kuwa tukio la kisiasa ambalo halikuandikwa katika faili lolote la serikali ya kikoloni.

Tuvuke maji. Waskoti wa Livingstonia walianzia kusini mwa ziwa mwaka 1875, wakahamia Bandawe mwaka 1881, na kutoka hapo wakafika kwa Wangoni wa Mbelwa milimani. Msomaji akumbuke kwamba Wangoni wa Mbelwa na Wangoni wa Songea wana shina moja: msafara wa Zwangendaba uliovuka Zambezi mwaka 1835 na kugawanyika baada ya kifo chake huko Ufipa. Kwa hiyo tuna watu wa asili moja, wenye nyimbo za vita na za sifa zinazofanana, waliokaa pande mbili za ziwa chini ya makanisa mawili tofauti. Historia haitupi mara nyingi nafasi nzuri kama hii ya kulinganisha.

Upande wa magharibi Waskoti walikuja na zaburi zao zilizowekwa katika beti, kama wanavyoimba kwao. Lakini Wangoni hawakukaa muda mrefu wakiimba za Uskoti. Mawelera Tembo, mmoja wa Wangoni wa kwanza kubatizwa mwaka 1890, alianza kutunga nyimbo za Kikristo kwa sauti za Kingoni. Mmisionari Donald Fraser alizikuta, akazipenda, akazihimiza hata kwa mashindano ya utunzi. Sauti zilizokuwa zikiimbwa na mashujaa wakitoka vitani zikaingia kanisani zikiwa na maneno mapya. Watoto wa wale waliozitunga wanaziimba hadi leo kaskazini mwa Malawi.

Upande wa mashariki mambo yalikwenda vingine. Wabenediktini wa Mtakatifu Otilia waliingia Ungoni na kuanzisha Peramiho mwaka 1898. Miaka saba baadaye ikaja Vita vya Majimaji. Askofu Cassian Spiss, mwanzilishi wa Peramiho, aliuawa mwezi Agosti 1905 akiwa safarini katika nchi ya Liwale, na Peramiho ikachomwa. Kisasi cha Wajerumani tunakijua: viongozi wa Kingoni walinyongwa Songea tarehe 27 Februari 1906, baadhi yao wakiwa wamebatizwa gerezani muda mfupi kabla ya kitanzi, mashamba na maghala yakateketezwa, njaa ikaua wengi kuliko risasi. Baada ya hapo Ukatoliki ulienea upesi katika Ungoni na Umatengo hadi ziwani. Ulienea, yaani, katikati ya watu waliokuwa wametoka kuzika.

Watu hao walipewa nini cha kuimba? Walipewa nyimbo za parokia za Ujerumani kwa maneno ya Kiswahili: za Noeli, za Bikira Maria, za Ekaristi. Ni nyimbo nzuri, nami nimekua nazo. Lakini ni nyimbo za wakulima wa Bavaria katika mwaka wa mavuno mema. Zaburi zilikuwapo Peramiho, tena zote. Kanuni ya Mtakatifu Benedikto inaagiza zaburi 150 ziimbwe kila juma, na kumwona mmonaki anayepunguza kuwa mvivu. Ila ziliimbwa kwa Kilatini, na wamonaki wa kwaya, katika viti vyao. Hata bruda waliojenga kanisa lenyewe kwa mikono yao hawakuwa sehemu ya sala hiyo ya Kilatini. Mkristo wa kijijini aliyekwenda Peramiho kwa sikukuu aliweza kuisikia Zaburi 88 ikipita juu ya kichwa chake bila kujua kwamba ilikuwa inasema habari zake.

Tusiwaonee Wabenediktini kwa kudai kwamba walidharau tu muziki wa Kiafrika. Wengine walidharau, bila shaka, kwani walikuwa watu wa zama zao. Kizuizi kikubwa kilikuwa sheria. Mwaka 1903 Papa Pio X alitoa agizo lililoufanya wimbo wa Kigregori kuwa kipimo cha muziki wa ibada na kuweka Kilatini kuwa lugha ya misa inayoimbwa. Lugha ya wenyeji ilipata nafasi pembeni, katika misa ya kusomwa na katika ibada za jioni. Mskoti hakuwa na sheria ya namna hiyo. Baraza la wazee wa kanisa likikubali, wimbo umekubaliwa. Mara nyingi wanafunzi hunijia na jibu la mkato kwamba mkoloni aliua muziki wetu. Wakiulizwa ni mkoloni yupi, kwa amri ipi, katika kanisa lipi, hunyamaza. Wangoni wa pande mbili za ziwa wanatufundisha kuuliza hivyo.

Sasa niingie katika ufundi kidogo, maana madai yangu kwamba zaburi ilitufaa kuliko wimbo wa Ulaya yanahitaji ushahidi.

Karibu kila neno la Kiswahili lina mkazo katika silabi ya pili kutoka mwisho. Wimbo wa Kiingereza wa mtindo wa kawaida una mistari ya silabi nane na sita, na kila mstari unaishia katika silabi yenye mkazo. Mtafsiri akileta maneno ya Kiswahili juu ya sauti hiyo, pigo zito la mwisho linaangukia silabi ambayo mzungumzaji huiachia. Neno "milele" likikaa mwishoni mwa mstari linabebeshwa uzito kwenye "le" ya mwisho. Neno "Bwana" linakuwa na mkazo kwenye "na". Tumeyazoea hayo hata hatuyasikii tena, lakini mtu akisema hivyo sokoni atachekwa. Katika lugha za mwambao zenye toni, kama Kinyanja, tatizo ni kubwa zaidi, maana sauti ikipanda mahali pa kushuka, maana ya neno inaweza kubadilika.

Zaburi inapoghaniwa kwa namna ya kale haina shida hiyo. Sauti moja inashikiliwa kwa silabi kumi au ishirini, kadiri maneno yalivyo, kisha mwishoni mwa kifungu sauti inapinda kidogo ikifuata mkazo wa neno la mwisho. Mstari mrefu unakaa, na mstari mfupi unakaa. Hakuna haja ya kukata neno ili liingie katika kipimo cha mtu mwingine, wala ya kuongeza "ee" kujaza pengo. Lugha yenye mkazo usiohama kama Kiswahili huingia humo kama mkono katika kipini cha jembe lake.

Jambo la pili ni umbo la kupokezana. Zaburi ya kale iliimbwa na mmoja, watu wakaitikia. Kila aliyesimama penye ngoma ya mwambao, iwe mganda wa wanaume au kioda ya wanawake, anajua utaratibu huo bila kufundishwa: mwanzilishi anatupa maneno, kundi linayapokea. Wala si desturi ngeni kwa Ukristo wa Afrika. Agostino wa Hippo, Mwafrika wa kaskazini, anasimulia jinsi Athanasio wa Alexandria alivyotaka msomaji aighani zaburi kwa kupandisha na kushusha sauti kidogo tu, karibu na usemi. Anasimulia pia jambo ambalo wanaharakati wanaosoma hapa watalipenda. Mwaka 386 huko Milano, mama wa mfalme, Justina, alimwandama Askofu Ambrosio, na watu wakakesha kanisani wakiwa tayari kufa pamoja naye. Hapo ndipo ilipoanzishwa katika mji huo desturi ya watu wote kuimba tenzi na zaburi kama ilivyokuwa katika nchi za mashariki, ili wasizimie kwa huzuni. Kwa hiyo katika Kanisa la magharibi desturi hiyo ilipata nguvu ndani ya jengo lililozingirwa na askari wa dola.

Na jambo la tatu ni lalamiko lenyewe. Katika jamii za pande zote mbili za ziwa, wimbo ulikuwa na ruhusa ambayo maneno matupu hayakuwa nayo. Mwanamke akitwanga angeweza kumsema mume au mkwe. Wachezaji penye ngoma wangeweza kumsema jumbe naye amesimama pale pale, alimradi wamesema kwa kuimba. Zaburi inafahamu ruhusa hiyo. Inamwambia Mungu, aliye mkubwa kuliko jumbe, kwamba amelala, amesahau, amegeuza uso. Kisha haitoki nyumbani mwake; inabaki ikisubiri jibu. Sijui aina nyingine ya maandishi ya ibada iliyo karibu hivyo na adabu yetu ya kumlalamikia mkubwa.

Mlango ulifunguka katikati ya karne iliyopita. Mwaka 1955 Papa Pio XII aliandika kwa upole juu ya muziki wa nchi za misioni. Mwaka 1957 ilianzishwa Hanga, monasteri ya Wabenediktini Waafrika katika nchi hiyo hiyo ya Songea. Mwaka 1963 padri kutoka Peramiho, Stephen Mbunga, alichapisha utafiti wake juu ya sheria ya Kanisa na muziki wa Kibantu. Kichwa chenyewe kinaonyesha kwamba alikwenda moja kwa moja penye kizuizi: aliichambua sheria hati kwa hati, ili muziki wa watu wake upate nafasi halali ndani yake. Alikuwa pia mtunzi, na misa yake ya Baba Yetu ilikuwa miongoni mwa misa za mwanzo za Kiswahili kwa sauti za Kiafrika. Tarehe 4 Desemba mwaka huo huo Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulipitisha hati juu ya liturujia iliyotaka muziki wa mataifa upewe heshima yake katika ibada. Ninashangaa kila mwaka ninapokuta wanafunzi wa shahada ya historia, wengine wao wenyeji wa Ruvuma, ambao hawajapata kulisikia jina la Mbunga.

Kwa Walutheri mambo yalikwenda sambamba. Mwaka 1966, Bernard Kyamanywa, akiwa mwanafunzi wa theolojia Makumira, alitunga maneno ya wimbo wa Pasaka juu ya sauti ya Kihaya. Wimbo huo ulitafsiriwa, ukavuka bahari, na leo umo katika kitabu rasmi cha nyimbo cha Waprotestanti wa Ujerumani. Karne moja tulipokea Usiku Mtakatifu wa mwaka 1818, sasa tumelipa.

Ingetazamiwa basi kwamba, lugha ikiwa imefunguliwa na ngoma ikiwa imeruhusiwa, zaburi ingeingia vijijini na lalamiko lake lote. Haikuwa hivyo, na hapa ndipo historia inapokuwa na kejeli yake. Mabadiliko yale yale yaliyoileta zaburi katika Kiswahili ndiyo yaliyoipunguza. Sala mpya ya vipindi ya Kanisa Katoliki, iliyotolewa mwanzoni mwa miaka ya 1970, iliziacha nje kabisa zaburi tatu, za 58, 83 na 109, pamoja na mistari mikali ya nyingine kadhaa, kwa sababu laana zake zilionekana kuwakwaza waamini wa kisasa. Zaburi 88 ilibaki, katika sala ya mwisho wa siku ya Ijumaa, ambayo katika parokia ya kawaida huisali padri peke yake na masista. Katika misa ya Dominika mwamini hupata kile tunachokiita wimbo wa katikati: mistari michache iliyochaguliwa kutoka zaburi moja, na kiitikio. Uchaguzi una busara zake. Lakini ni uchaguzi, na mchaguaji mara nyingi huruka penye uchungu. Waanglikana nao wamefuata njia hiyo, kwani ibada ya kila siku asubuhi na jioni imedhoofika katika vijiji vingi, na Jumapili moja haiwezi kubeba zaburi 150.

Halafu ikaja kwaya. Sisemi kwaya ni mbaya. Imewafundisha vijana wa nchi hii nidhamu, kusoma sauti, kusafiri na kuongoza. Viongozi wengi wa vyama na wa serikali za mitaa walijifunza kuendesha kikao katika kamati ya kwaya. Hata hivyo kwaya imelihamisha neno kutoka kwa watu wote na kuliweka kwa watu thelathini wenye sare. Wengine wamekuwa watazamaji. Na soko la kanda, baadaye la video, limeamua maudhui: shukrani, ushindi, baraka zinazokuja, adui aliyeaibishwa. Huzuni inaruhusiwa kwenye msiba tu, na hata hapo inaharakishwa kufikia matumaini. Wimbo unaomwuliza Mungu "hata lini?" na kuishia hapo hapo hauuziki.

Kuna mtu mmoja aliyeiona njia nyingine, naye si mwanamuziki. Mwalimu Nyerere, katika uzee wake, alizitia Injili nne na Matendo ya Mitume katika utenzi, na mwaka 1996 zikachapishwa na Wabenediktini wa Ndanda na Peramiho. Hakuchukua kipimo cha nyimbo za kimisionari. Alichukua mizani minane na vina vya utenzi wa pwani, umbo lililokuwa likighaniwa kwa Kiswahili karne nyingi kabla ya Likoma na Peramiho. (Kitabu cha nyimbo kinachopendwa sana na Waprotestanti wetu kinaitwa Tenzi za Rohoni, lakini kwa kanuni za ushairi humo hamna utenzi.) Mwalimu hakuzifikia zaburi katika kazi hiyo. Mahali hapo pako wazi kwa mshairi mwenye uwezo.

Naandika haya katika jukwaa la siasa na jamii kwa makusudi. Mwambao wa Nyasa una mambo ya kulalamikia. Mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa tarehe 1 Julai 1890, uliomweka Johnson na walimu wake chini ya bendera ya Kijerumani, ndio huo huo unaotajwa hadi leo katika mzozo wa mpaka wa ziwa na Malawi, uliopamba moto tena mwaka 2012. Mvuvi wa Lituhi anasikia maji yake yakijadiliwa katika miji ambayo hajafika. Barabara na meli zimekuwa ahadi za kizazi baada ya kizazi, na zinapofika, hufika kwa mwendo wa kobe. Nimeketi katika mikutano ya hadhara ya vijiji vya ukanda huo na kuona utaratibu ule ule: mgeni rasmi anapokelewa kwa wimbo wa shukrani uliotungwa kwa ajili yake, risala inasomwa ambamo kila tatizo limeitwa changamoto, kisha watu wanapiga makofi. Lalamiko linasemwa baadaye, gizani, kwa sauti ya chini, ambapo hugeuka kuwa fitina au kukata tamaa. Mtumishi wa umma anayependa kusifiwa atafurahi. Anayetaka kujua hali halisi ya watu wake amepoteza chombo cha kupimia.

Sidai kwamba lugha hii ya hadhara imetokana na wimbo wa katikati peke yake. Zipo sababu nyingine, na chama na dola vina sehemu kubwa. Ninadai kwamba jamii hujifunza kusema kwa pamoja mahali inapokutana mara nyingi zaidi, na katika mwambao huu mahali hapo, kwa zaidi ya karne moja, pamekuwa kanisani. Watu waliozoezwa kila mwezi kumwambia Mwenyezi kwamba amechelewa hawatapata taabu kumwambia mkuu wa wilaya kwamba daktari hajafika.

Kuna kazi mbili zisizohitaji bajeti kubwa. Maofisa utamaduni wa wilaya, pamoja na wanafunzi wanaotafuta mada za tasnifu, wakae na wazee wa pande zote mbili za Ruhuhu waliosali kwa Kinyanja wakiwa watoto, warekodi namna zaburi zilivyoghaniwa, kwa sababu kitabu kinahifadhi maneno na hakihifadhi sauti. Na wanaopanga liturujia katika majimbo na dayosisi watazame upya mistari inayorukwa.

Mfano uko karibu. Dominika ya nne ya Kwaresima ya Mwaka B, ambayo ijayo itaangukia tarehe 7 Machi 2027, wimbo wa katikati ni Zaburi 137. Ina mistari tisa. Wakatoliki wa Lituhi wataimba sita ya kwanza, ya kilio na kumbukumbu, na kuishia hapo. Mitatu ya mwisho, ya hasira, haitasomwa, na sitazamii watoto wa kipaimara waimbishwe ule wa tisa, unaotisha kweli. Ila mstari wa saba hauna damu ndani yake. Unamwomba Mungu akumbuke waliosimama kando wakishangilia mji ulipobomolewa. Kwa Kitabu cha Sala cha akina Ambali, mstari huo ulisomwa kila mwezi, jioni ya tarehe 28.